Je, mipaka ya nchi za Afrika inafuata maumbile ya bara au inayapuuza?

Mwalimu wa Ramani (mleta mada)

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha jiografia na historia katika shule ya sekondari, na kuna jambo ambalo masomo haya mawili yanalieleza kwa namna mbili zisizopatana. Kwenye jiografia tunamfundisha mwanafunzi sura ya bara: eneo la takriban kilomita za mraba milioni 30, Jangwa la Sahara upande wa kaskazini, misitu ya bonde la Kongo katikati, Bonde la Ufa upande wa mashariki, na mito mikubwa ya Nile, Kongo, Niger na Zambezi. Kwenye historia tunamwambia kwamba wakoloni walikutana Berlin mwaka 1884 na 1885, wakaligawa bara kwa rula bila kujali chochote kilichokuwa ardhini.

Mwanafunzi anayependa ramani akiitazama kwa makini anaona kwamba maelezo hayo hayatoshi. Mpaka wa Misri na Sudani kweli umenyooka, kwa kuwa unafuata latitudo ya digrii 22 kaskazini. Hata hivyo, mpaka wa Zambia na Zimbabwe unafuata Mto Zambezi, na ule wa Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unapita ndani ya Ziwa Tanganyika kutoka kaskazini hadi kusini. Mwaka huu nimeulizwa darasani ni kipi kati ya hivyo viwili ndicho kanuni na kipi ndicho mchepuko, nami ningependa kujibu kwa maelezo yenye mashiko.

Naomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, inakuwaje bara lililozungukwa na bahari karibu pande zote liwe na nchi 16 zisizopakana na bahari, yaani zaidi ya theluthi moja ya nchi zote za namna hiyo duniani? Pili, je, kuna ukweli katika dai tunalolisikia mara kwa mara kwamba kama mipaka ingefuata mito, maziwa na milima, migogoro ingekuwa michache?

Uwanda

Ndugu Mwalimu, nitaanza na swali lako la kwanza, kwa sababu naamini jibu lake limelala kwenye umbo la bara lenyewe kabla hatujamtaja mkoloni yeyote.

Sehemu kubwa ya Afrika ni uwanda wa juu ambao kingo zake zinashuka ghafla karibu na pwani. Upande wa mashariki na kusini, ardhi kubwa iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na ukanda wa tambarare wa pwani ni mwembamba. Kwa hiyo mito mingi husafiri kwa utulivu huku juu, kisha ikakutana na maporomoko ikiwa imebakiza safari fupi tu kufika baharini, hali iliyo kinyume na ile ya mito mikubwa ya Ulaya, ambayo huwa mipana na yenye kupitika kwa meli kadiri inavyokaribia bahari. Isitoshe, pwani ya Afrika haina ghuba na hori nyingi. Ulaya, ambayo eneo lake ni kama theluthi moja tu ya Afrika, ina pwani ndefu kuliko yetu, kwa kuwa bahari yake imeingia ndani ya nchi kavu kila mahali.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Mto Kongo. Meli ya baharini inaweza kuingia kutoka Atlantiki na kupanda hadi Matadi, takriban kilomita 150 kutoka mdomoni. Hapo safari inakwisha, kwa sababu kati ya Matadi na Kinshasa kuna mfululizo wa maporomoko wenye urefu wa takriban kilomita 350. Mtu akishayapita maporomoko hayo anakuta Kinshasa na Brazzaville zikitazamana ng'ambo ya maji yaliyotanuka, na kutoka hapo anaweza kusafiri kwa boti zaidi ya kilomita 1,600 hadi Kisangani bila kizuizi. Fikirini maana yake: mojawapo ya njia kubwa za maji duniani imekatwa mahali pabaya kuliko pote, karibu kabisa na mlango wake. Ndiyo maana reli ya Matadi hadi Kinshasa, iliyokamilika mwaka 1898, ilijengwa kwa gharama kubwa ya maisha ya wafanyakazi, na ndiyo maana pia mpaka wa eneo hilo una sura ya ajabu. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikuwa tayari kukubali kipande kidogo sana cha pwani mradi tu apate ukingo mmoja wa mto kutoka baharini hadi Matadi. Ureno ilibaki na ukingo wa kusini pamoja na Cabinda kaskazini, na hadi leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi yenye zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3, ina pwani ya takriban kilomita 40, huku Cabinda ikiwa sehemu ya Angola isiyogusana na Angola.

Ukitaka kuona yaliyompata mchoraji wa ramani asiyeyajua maumbile, mtazame Ukanda wa Caprivi, ulimi wa ardhi wa Namibia unaoelekea mashariki kwa takriban kilomita 450. Ujerumani iliupata katika mkataba wake na Uingereza wa mwaka 1890 ili koloni lake la kusini-magharibi lifike Zambezi, kwa matumaini ya kupata njia ya kuelekea Bahari ya Hindi. Lakini mahali ukanda huo unapofikia mto pako juu ya Maporomoko ya Victoria, yenye kimo cha zaidi ya mita 100, na mbali zaidi chini yake kuna maji ya kasi ya Cahora Bassa ambayo yalikwisha kuuzuia msafara wa David Livingstone mwishoni mwa miaka ya 1850. Njia iliyotafutwa haikuwapo. Ukanda wenyewe ulibaki, na watu wake wakawa raia wa nchi ambayo mji mkuu wake uko mbali nao sana.

Kwa hiyo ningemjibu mwanafunzi hivi: umbo la bara ndilo lililoamua kwamba kwa karne nyingi wageni wa kutoka baharini wangebaki kwenye ngome na bandari za pwani, na kwamba walipoingia bara kwa haraka katika robo ya mwisho ya karne ya 19 wangeingia kwa vipenyo vichache. Maeneo ya ndani yalifikiwa kupitia koridoo hizo, na mengi yake yalibaki bila pwani yake yenyewe.

Mtunza Mikataba

Naunga mkono maelezo ya Uwanda, ila naomba tuiweke sawa habari ya Berlin, maana imerudiwa mno hata ikakubalika pasipo kuhojiwa.

Mkutano wa Berlin ulianza tarehe 15 Novemba 1884 na kumalizika tarehe 26 Februari 1885. Mataifa 14 yalihudhuria, na hakuna hata mtawala mmoja wa Afrika aliyekuwa na kiti. Hayo ni kweli, na ni aibu ya kihistoria ambayo hatupaswi kuipunguza. Lakini hati iliyotiwa saini siku ile haikuwa ramani ya Afrika iliyogawanywa. Ilishughulikia uhuru wa biashara katika bonde la Kongo, uhuru wa meli katika mito ya Kongo na Niger, na masharti ambayo taifa lingepaswa kuyatimiza kabla ya kudai sehemu mpya ya pwani. Sehemu kubwa ya mipaka tunayoifahamu ilitokana na mikataba ya nchi mbili mbili iliyofuata katika miaka kama 25 baada ya hapo, na kila mkataba ulifuata vigezo vyake.

Chukueni mpaka wa Kenya na Tanzania. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yaliuanzisha pwani karibu na mdomo wa Mto Umba, yakaupeleka hadi Ziwa Jipe, yakauzungusha kaskazini mwa Mlima Kilimanjaro, kisha yakaunyoosha hadi ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria kwenye latitudo ya digrii 1 kusini. Watu wengi wamesimuliwa kwamba mpaka ulipinda pale kwa sababu Malkia Victoria alimzawadia mlima huo Kaisari Wilhelm II. Wilhelm alikalia kiti cha enzi mwaka 1888, miaka miwili baada ya mstari huo kukubaliwa. Mpaka ulipinda kwa sababu za kidiplomasia: Ujerumani ilikuwa na mikataba ambayo mawakala wake waliipata kwa machifu wa maeneo yale, na Uingereza ilitaka kubaki na Mombasa na njia ya kuelekea Uganda. Namsihi Mwalimu awaondolee wanafunzi wake hadithi ile ya zawadi, kwa kuwa inawafundisha kwamba historia yetu iliamuliwa na mapenzi ya kifamilia, ilhali iliamuliwa na maslahi yaliyopimwa kwa uangalifu.

Katika mkataba huo mmoja, basi, tunaona mto, ziwa, mlima na mstari ulionyooka vikitumika pamoja. Pale mjumbe alipokuwa na habari za ardhi, alitumia alama za ardhi. Pale asipokuwa nazo, alitumia latitudo. Kadiri eneo lilivyokuwa halijulikani kwao, ndivyo mstari ulivyonyooka. Ndiyo maana mistari mirefu iliyonyooka imejaa Sahara na Kalahari, na imepungua kwenye Maziwa Makuu.

Kuna aina nyingine ya mpaka ambayo shuleni haitajwi sana, nayo ni ile inayofuata mgongo wa ardhi unaogawa maji. Mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, kwa sehemu yake ndefu, unafuata mgongo unaotenganisha maji yanayoelekea Kongo na yale yanayoelekea Zambezi. Mpaka wa Sudani Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati unafuata vivyo hivyo mgawanyo wa maji ya Nile na ya Kongo. Mtu akisimama pale haoni kilele chochote. Ardhi ni tambarare iliyovimba kidogo tu. Mkataba ulisema mvua inayoangukia upande huu ni ya huyu na ile ya upande ule ni ya yule, na mgongo huo usioonekana kwa macho ndio ulioiweka sehemu moja ya eneo lenye shaba upande wa Katanga, nchini Kongo, na nyingine upande wa Zambia.

Jambo la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mipaka hii haikubaki kwa sababu wakoloni walitaka ibaki. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulianzishwa Addis Ababa mwaka 1963, na mwaka uliofuata, katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Cairo mwezi Julai, ulipitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa kupata uhuru. Somalia na Moroko hazikuridhika, kila moja kwa sababu zake. Wengine waliona kwamba kufungua mpaka mmoja ni kuifungua yote. Tunaweza kuubishia uamuzi ule, lakini ni uamuzi wa Waafrika, na mwanafunzi anastahili kuujua.

Mwalimu wa Ramani

Nawashukuru sana nyote wawili. Maelezo ya mikataba kutumia alama za ardhi pale zilipojulikana yamenipa njia ya kuyaunganisha masomo yangu mawili. Nimebaki na swali la pili: je, mpaka unaofuata mto au ziwa ni imara zaidi kuliko ule ulionyooka? Vitabu kadhaa vya shule vinauita "mpaka wa asili" na kuusifia kwa uimara wake.

Songwe

Mwalimu, kwa heshima zote, naomba usiwafundishe hivyo. Nimefanya kazi ya upimaji ardhi kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu hakuna mpaka unaomsumbua mpimaji kama mto.

Mto hautulii mahali pamoja. Mto Songwe, ambao ni mpaka wa Tanzania na Malawi hadi unapoingia Ziwa Nyasa, hubadili njia yake kwenye tambarare ya chini kila mafuriko makubwa yanapotokea, na mkulima aliyelala akiwa na shamba upande huu huamka mto ukiwa umepita nyuma ya shamba lake. Serikali hizo mbili zimelazimika kuandaa mpango wa pamoja wa bonde zima, na mojawapo ya shabaha zake ni kuutuliza mto wenyewe. Mto Semliki, kati ya Uganda na Kongo, una tabia hiyo hiyo. Latitudo haihami.

Hata mto usiohama huleta ubishi juu ya mahali hasa mpaka ulipo ndani yake. Katika Mto Chobe kuna kisiwa kidogo ambacho Namibia inakiita Kasikili na Botswana inakiita Sedudu, chenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 3.5, na msimu wa mafuriko sehemu yake kubwa hufunikwa na maji. Mkataba ule ule wa mwaka 1890 alioutaja ndugu Uwanda ulisema mpaka upite katikati ya mkondo mkuu, bila kueleza ni upi kati ya mikondo miwili inayokizunguka kisiwa ndio mkuu. Zaidi ya miaka 100 baadaye, nchi mbili huru zilisimama mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki zikibishana kuhusu kina, upana na wingi wa maji. Mwaka 1999 Mahakama iliamua kwamba mkondo wa kaskazini ndio mkuu, na kisiwa kikawa cha Botswana. Namibia iliukubali uamuzi huo, jambo ambalo naliona ni mfano wa kuigwa.

Maziwa nayo hayana nafuu. Ziwa Chad linagawanywa kati ya Chad, Kameruni, Niger na Nigeria, na katika miaka ya 1960 lilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 25,000 kabla ya kusinyaa hadi sehemu ndogo sana ya hapo katika miongo iliyofuata. Wavuvi na wakulima waliyafuata maji yalivyorudi nyuma. Vijiji vya Wanigeria vikajengwa juu ya ardhi iliyokuwa chini ya ziwa, wakati ardhi hiyo, kwa mujibu wa ramani, ilikuwa ya Kameruni. Suala la vijiji hivyo, Darak kikiwa kimojawapo, lilikuwa sehemu ya kesi ya Kameruni na Nigeria iliyoamuliwa mwaka 2002, ingawa watu wengi wanaikumbuka kesi hiyo kwa ajili ya Rasi ya Bakassi peke yake. Nalo Ziwa Nyasa linatuhusu moja kwa moja: mkataba wa 1890 unauweka mpaka kwenye ufuko wa upande wa Tanzania, na Malawi inashikilia msimamo huo, ilhali Tanzania tangu miaka ya 1960 inasema mpaka ni mstari wa katikati ya maji, kama ilivyo kawaida kwa maziwa yanayogawanywa na nchi mbili. Hakuna anayebisha kwamba ziwa lipo. Ubishi ni kuhusu maandishi.

Na kuna mfano mmoja ambao Waafrika Mashariki hatupaswi kuusahau. Magharibi ya Ziwa Victoria, mpaka wa Tanzania na Uganda ni mstari ulionyooka kwenye digrii 1 kusini, na Mto Kagera unapita kusini mwa mstari huo. Mwishoni mwa mwaka 1978 Idi Amin alivamia eneo lililo kati ya mstari na mto, akatangaza kwamba mpaka wa Uganda sasa ni Mto Kagera. Alitumia hoja hii hii ya mpaka wa asili. Watu waliuawa, mifugo ikaporwa, daraja la Kyaka likavunjwa, na vita vilivyofuata vilimwondoa Amin madarakani mwezi Aprili 1979. Kila ninapomsikia mtu akisema tuibadilishe mistari ya kikoloni ifuate mito, hukumbuka jambo hilo, na sioni ni nani atakayelipa gharama yake zaidi ya watu wanaoishi kandokando ya mto wenyewe.

Mwana wa Sahel

Naomba kupishana kidogo na ndugu Uwanda kuhusu nchi zisizo na bahari. Uwanda wa juu na maporomoko vinaeleza mengi kuhusu kusini na mashariki, lakini Afrika Magharibi si uwanda wa namna hiyo, ni ardhi ya chini zaidi, na bado ina nchi tatu zisizo na bahari zilizopangana mfululizo: Mali, Burkina Faso na Niger. Huko sababu kuu ni ya kiutawala.

Ufaransa iliyaunganisha makoloni yake ya Afrika Magharibi chini ya serikali moja kuanzia mwaka 1895, na makao yake makuu yakawa Dakar. Ndani ya muungano huo, mipaka ya kila koloni ilikuwa ya kiutawala tu, na Paris iliihamisha ilivyopenda. Volta ya Juu, ambayo leo ni Burkina Faso, iliundwa mwaka 1919, ikafutwa mwaka 1932 na ardhi yake kugawiwa majirani, kisha ikarudishwa mwaka 1947. Mtu wa Ouagadougou katika miaka hiyo hakuwa mkazi wa nchi isiyo na bahari, kwa sababu Abidjan na Dakar zilikuwa bandari za utawala ule ule. Muungano ulipovunjika na kila koloni kupata uhuru wake mwaka 1960, mstari wa kiutawala uligeuka kuwa mpaka wa kimataifa, na bandari ikawa ya nchi nyingine.

Wapo waliojaribu kuzuia hali hiyo. Senegal na Sudani ya Kifaransa (Mali ya leo) zilipata uhuru pamoja tarehe 20 Juni 1960 kama Shirikisho la Mali. Tarehe 20 Agosti mwaka huo huo Senegal ilijitoa. Bamako ikaachwa na jina la Mali, na kwa muda ikakata reli yake ya kwenda Dakar kwa sababu ya uhasama uliozuka.

Ukizihesabu vizuri zile nchi 16, utakuta Chad na Jamhuri ya Afrika ya Kati zilitokana na muungano mwingine wa Kifaransa uliovunjika. Rwanda na Burundi ziliwahi kuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyokuwa na pwani ndefu. Ethiopia ilikuwa na pwani kupitia Eritrea tangu shirikisho la mwaka 1952 hadi Eritrea ilipojitenga rasmi mwaka 1993. Na Sudani Kusini iliachana na Sudani, pamoja na Bandari yake ya Sudani kwenye Bahari ya Shamu, tarehe 9 Julai 2011. Ukijumlisha na zile tatu za kwanza, ni tisa kati ya 16. Zaidi ya nusu ya nchi hizi zilipoteza bahari kwa sababu eneo kubwa lilikatwa vipande, na si kwa sababu mlima au poromoko lilizizuia.

Uwanda

Ndugu Mwana wa Sahel, hesabu yako ni nzuri na inalikamilisha jibu. Ningeongeza jambo moja: maumbile hayaamui mpaka upite wapi, lakini yanaamua mpaka utagharimu kiasi gani baada ya kuwekwa. Austria haina bahari, lakini ina Mto Danube, na boti za mizigo zinaushuka hadi Bahari Nyeusi. Zambia haina bahari na Zambezi haiwezi kuibeba shehena yake hadi Msumbiji. Ndiyo maana ilihitaji Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, wakati njia za kusini zilipokuwa mikononi mwa utawala wa walowezi wa Rhodesia. Mpaka wa kisiasa na poromoko la mto vilikutana kuifungia nchi moja, na ilibidi kujengwa reli inayopita kwenye milima ya nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, yenye mahandaki na madaraja mengi, ili nchi hiyo ipumue.

Kwa upande wa darasani, Mwalimu, ningependekeza uchukue ramani mbili za kipimo kimoja, moja ya sura ya nchi na nyingine ya kisiasa, wanafunzi wainakili mipaka kwenye karatasi inayopitisha mwanga, kisha waitandaze juu ya ramani ya sura ya nchi. Waulize kila mpaka unafuata nini: mto, ziwa, mgawanyo wa maji, latitudo, au hakuna kinachoonekana. Anzeni na ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa, ambako maziwa ya Albert, Edward, Kivu na Tanganyika yamepangana, na karibu yote yamekuwa mipaka. Hapo watauona ufa wa dunia na mstari wa kisiasa vikienda pamoja kwa zaidi ya kilomita 1,000. Kisha nendeni Gambia, nchi iliyo kandokando ya mto mmoja na isiyozidi upana wa takriban kilomita 50, ambako mto uliopaswa kuwa barabara ya watu wote wa bonde lake ukawa kizuizi kati ya kaskazini na kusini mwa Senegal, hadi daraja lilipofunguliwa Farafenni mwezi Januari 2019.

Mwalimu wa Ramani

Zoezi hilo nitalifanya. Je, kuna mahali pamoja ambapo mambo yote tuliyoyajadili, yaani mto, mkataba, nchi isiyo na bahari na uamuzi wa Waafrika wenyewe, yanaonekana kwa pamoja? Ningependa kufungia kipindi hapo.

Songwe

Kazungula. Pale Zambezi na Chobe zinapokutana, nchi nne zinakaribiana kiasi cha karibu kugusana: Namibia kwenye ncha ya Caprivi, Botswana, Zambia na Zimbabwe. Kwa muda mrefu kulikuwa na mashaka kama nchi hizo zinakutana kwenye nukta moja, au kama Botswana na Zambia zinapakana kweli. Msimamo unaotumika leo ni kwamba zinapakana, kwa mpaka wa takriban mita 150 tu ndani ya maji, ambao ni miongoni mwa mipaka mifupi kuliko yote duniani.

Malori yalikuwa yakivuka hapo kwa kivuko na kusubiri kwa siku nyingi. Botswana na Zambia, zote mbili hazina bahari, zikaamua kujenga daraja la barabara na reli, nalo likafunguliwa mwezi Mei 2021. Lina urefu wa mita 923, na limepinda. Wahandisi walilipinda ili lisiingie katika eneo la Zimbabwe, iliyokuwa bado haijajiunga na mradi. Kwenye kila upande kuna kituo cha pamoja cha ukaguzi, ambapo dereva anakaguliwa mara moja tu na maofisa wa nchi zote mbili badala ya kusimama mara mbili.

Kwenye ramani ya ukutani ya kawaida wanafunzi hawataona chochote zaidi ya nukta, kwa hiyo utahitaji picha ya setilaiti au ramani ya kipimo kikubwa. Waoneshe kwanza mahali mito inapokutana, kisha ncha ya Caprivi, halafu waache wafuatilie wenyewe daraja linavyopinda na waeleze kwa nini.